Wafaransa Watatu na Bonde la Lambwe

Msomaji wangu, ukipata siku moja kufika katika bonde la Lambwe, karibu na Ziwa Viktoria, tazama kwa makini katikati ya majani marefu ya mbuga ya Ruma. Hapa na pale utaona vitambaa vya buluu na vyeusi vimewambwa juu ya vijiti. Mgeni asiyejua hudhani kuwa ni nguo zilizoanikwa zikasahauliwa. Sizo. Ni mitego ya mbung'o, yule inzi anyonyaye damu, aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Nitarudi kwenye vitambaa hivyo mwisho wa insha hii, maana vina habari yao.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Mwaka mmoja nilikuwa nikifundisha habari za Ufaransa: mapinduzi ya mwaka 1789, Voltaire mwenye kalamu kali, Napoleon mwenye upanga, na Victor Hugo, ambaye watu wa Paris walijaa njiani kumsindikiza kaburini mwaka 1885. Mwanafunzi mmoja aliyetoka Lambwe akainua mkono akasema, "Samahani, Mwalimu. Watu hawa ni wakubwa, sikatai. Lakini wanatuhusu nini sisi?"

Darasa likacheka. Nami, kwa haya ya kukosa jibu, nikasema kwamba historia haichagui, nikaendelea na somo. Baadaye nikaja kujua kuwa babu yake kijana yule alikufa kwa malale. Hakuuliza kwa ufidhuli. Aliuliza kwa kuwa alikuwa na haki ya kuuliza. Insha hii ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa. Nitakueleza habari za Wafaransa watatu ambao hawakuwa wafalme wala washairi. Mmoja aliona, wa pili alifumbua fumbo, wa tatu alikwenda. Na katika habari ya huyo wa tatu limo kosa zito, ambalo nalo sitalificha.

Kwanza lazima tulijue bonde lenyewe. Lambwe limekaa kama sahani katikati ya vilima: Gwassi upande wa magharibi, Ruri upande wa kaskazini, na ukingo wa Kanyamwa upande wa mashariki. Malisho ni mengi na udongo ni mzuri. Hata hivyo, kwa muda mrefu sehemu kubwa ya bonde hilo ilikaa bila watu. Penye vichaka palikuwa na mbung'o, na penye mbung'o mfugaji hakuweza kukaa, kwa kuwa ng'ombe wake walikonda wakafa, na yeye mwenyewe hakuwa salama. Wanyama wa porini, wasioumwa sana na ugonjwa huo, ndio waliobaki wakawa wenyeji. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ikafanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa mbuga ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 120. Leo watu husafiri kutoka mbali kwenda kumtazama korongo, swala mkubwa ambaye katika Kenya nzima hupatikana humo tu. Wachache hukumbuka kwamba uzuri huo wa pori ulihifadhiwa na hofu.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Kati ya mwaka 1900 na 1920, malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, wengi wao wakiwa wakazi wa pwani na visiwa vya ziwa hilihili. Gavana wa Uganda wa siku zile, Hesketh Bell, aliamuru watu wahamishwe kutoka ukingoni mwa maji, wakaacha nyumba zao, mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Ugonjwa wenyewe huanza kwa homa na maumivu ya kichwa, kama homa nyingine yoyote. Kisha vidudu vikiingia katika ubongo, mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, husahau majina ya watoto wake, huanguka katika usingizi usioamshwa, na mwisho hufa. Asiyetibiwa, kwa kawaida haponi.

Basi tuvuke bahari sasa, twende Paris, kwa maana huko ndiko uzi wa habari yetu unakoanzia.

Mwaka 1885 Louis Pasteur alimtibu mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Sifa zikaenea, michango ya fedha ikatoka kwa matajiri na maskini, na mwaka 1888 ikafunguliwa Taasisi ya Pasteur, nyumba ya kutafuta chanzo cha maradhi na dawa zake. Pasteur alipofariki mwaka 1895, nafasi yake ilishikwa na Émile Duclaux. Huyu Duclaux alikuwa mwanakemia, lakini Wafaransa wanamkumbuka kwa jambo jingine pia. Mwaka 1894 ofisa mmoja wa jeshi, Alfred Dreyfus, alikuwa amehukumiwa kwa uhaini ambao hakuutenda. Mwezi Januari mwaka 1898 mwandishi Émile Zola aliandika gazetini barua ya kuishtaki serikali kwa dhuluma hiyo, na Duclaux akawa miongoni mwa wataalamu waliotia saini zao kudai kesi itazamwe upya. Walitukanwa, wakaitwa maadui wa taifa. Mwaka 1906 mahakama ilimsafisha Dreyfus kabisa. Ninakutajia habari hii ili ujue ile nyumba ilikuwa ya namna gani: ilikuwa nyumba ambayo mkubwa wake aliamini kwamba mtu aliyezoea kutafuta ukweli katika chupa hana ruhusa ya kuukimbia barabarani. Ishike fikira hiyo, tutaihitaji tena.

Katika nyumba hiyo akaingia mtu wetu wa kwanza, Alphonse Laveran. Alizaliwa Paris mwaka 1845, mwana wa daktari wa jeshi, naye akawa daktari wa jeshi. Mwaka 1878 alipelekwa Aljeria, ambako askari walikuwa wakifa kwa malaria. Siku zile wataalamu wengi waliamini kuwa malaria hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa, na wengine walidai kuwa imetokana na kijidudu kikaacho udongoni. Laveran hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho, na alikuwa na subira. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya jeshi mjini Constantine, alikuwa akitazama tone la damu ya askari mwenye homa. Ndani yake akaona vitu vya mviringo, na pembezoni mwake nyuzi nyembamba zikitapatapa kwa nguvu. Akafahamu kuwa anatazama kitu chenye uhai. Alikuwa ameona kidudu cha malaria.

Je, alishangiliwa? Hakushangiliwa. Wakubwa wa elimu walitikisa vichwa. Laveran hakugombana nao. Aliendelea kutazama damu. Katika wagonjwa 192 aliowapima, alivikuta vidudu hivyo katika 148. Kidogo kidogo wapinzani wakaja, wakatazama, wakaamini. Lakini jeshi lake lilimpa kazi za ofisini zisizo na hadubini, na mwaka 1896 akaliacha, akajiunga na Taasisi ya Pasteur. Huko akageukia jamii nyingine ya vidudu vya damu, na hapo ndipo njia yake inapoelekea Lambwe.

Vidudu hivyo huitwa trypanosoma. Jina hilo lilitungwa Paris mwaka 1843 na daktari Gruby, mzaliwa wa Hungaria, aliyeviona katika damu ya chura. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, yenye maana ya keekee na mwili, kwa kuwa kidudu hicho hujipindapinda kama keekee ya seremala. Kwa miaka mingi kilionekana kuwa kitu cha ajabu tu. Kisha Mwingereza David Bruce akakikuta mwaka 1895 katika damu ya ng'ombe wenye nagana kusini mwa Afrika, na katika miaka ya 1902 na 1903 watafiti waliokuwa Entebbe, Bruce akiwa mmoja wao, wakathibitisha kwamba ndicho kiletacho malale na kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wake. Laveran na mwenzake Félix Mesnil walikusanya elimu yote iliyokuwapo juu ya vidudu hivyo katika kitabu kikubwa kilichochapishwa mwaka 1904. Nao pia walijaribu dawa yenye sumu ya aseniki katika wanyama wagonjwa, wakaonyesha kuwa vidudu huweza kuuawa ndani ya damu iliyo hai.

Mwaka 1907 Laveran alipewa tuzo ya Nobel. Nusu ya fedha zake aliitoa kujengea maabara ya magonjwa ya nchi za joto katika Taasisi ya Pasteur. Alikufa mwaka 1922. Ukipimwa malaria leo katika zahanati yoyote ya Nyanza, mpimaji akachoma kidole chako na kuinama juu ya hadubini, ujue kwamba anarudia kazi ya Laveran.

Lakini kuona si kuponya. Adui akishaonekana hutakiwa silaha, na silaha ndiyo habari ya mtu wa pili, Ernest Fourneau, mwanakemia aliyezaliwa Biarritz mwaka 1872. Jina lake kwa Kifaransa lina maana ya jiko, na alipotengeneza dawa ya ganzi aliiita Stovaine, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana hiyohiyo. Alikuwa mtu wa mzaha katika maneno, lakini hakuwa na mzaha katika kazi.

Baada ya vita kuu ya 1914 hadi 1918, kampuni ya Kijerumani ya Bayer ilitangaza dawa mpya ya malale, iliyoitwa Bayer 205. Dawa ilifanya kazi vizuri, ila kampuni haikutaka kusema imeundwa kwa vitu gani. Wajerumani walikuwa wamepokonywa makoloni yao, na wako waliotamani kuitumia siri hiyo kama kitu cha kubadilishana. Fikiri basi, msomaji: wagonjwa wanakufa Afrika, dawa ipo Ulaya, na maarifa ya kuitengeneza yamefungiwa sandukuni. Fourneau na wasaidizi wake hawakuvunja sanduku wala kuiba ufunguo. Walisoma hati ambazo kampuni yenyewe ilikuwa imeziandikisha zamani, wakakisia umbo la dawa, wakatengeneza moja baada ya nyingine na kuzijaribu, mpaka mwaka 1924 wakatangaza muundo wake kwa dunia nzima. Ndiyo dawa iitwayo suramini. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo sindano ya kumwokoa mgonjwa wa malale ya Afrika Mashariki, mradi afike hospitalini kabla vidudu havijaingia ubongoni. Sasa iko hata dawa ya kumeza, lakini mlango ulifunguliwa na wale waliokataa kuamini kuwa dawa ya mgonjwa ni mali ya kufichwa.

Tunakuja kwa mtu wa tatu, naye ndiye mgumu kuliko wote kuhukumiwa. Eugène Jamot alizaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Saint-Sulpice-les-Champs, akawa daktari wa jeshi la makoloni. Kuanzia mwaka 1922 alifanya kazi Cameroon, ambako vijiji vizima vilikuwa vikilala usingizi wa mauti. Jamot aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: mgonjwa wa malale haji hospitalini, kwa sababu mwanzoni hajijui kuwa ni mgonjwa, na akijijua hana tena nguvu za kutembea. Basi daktari ndiye atakayekwenda. Akaunda vikosi vya kutembea, vyenye madaktari wachache na wauguzi wengi Waafrika, vikibeba hadubini na sindano kutoka kijiji hadi kijiji. Watu wote walikusanywa, wakashikwa shingo kutazama kama tezi zimevimba, wakatolewa damu, wakapimwa, na matokeo yakaandikwa juu ya ngozi za vifua vyao. Waliokuwa na vidudu walipigwa sindano papo hapo. Katika miaka michache ugonjwa ulipungua sana, na watu wengi walio hai leo Cameroon hawangalizaliwa kama si kazi ile.

Hata hivyo, tusisome historia kwa jicho moja. Watu waliokusanywa hawakuulizwa kama wanataka. Amri ilikuwa ya koloni, na aliyekataa alilazimishwa. Na ambapo mtu haulizwi, kosa likitokea hana pa kusemea. Huko Bafia, daktari mmoja aliyekuwa chini ya Jamot aliongeza kipimo cha dawa iitwayo triparsamidi kupita kiasi, akidhani kuwa kingi kitaponya haraka. Dawa ile ikizidi huua mishipa ya macho. Watu wapatao 700 wakapofuka. Walikwenda kutibiwa usingizi wakarudi gizani.

Lawama zilimwangukia Jamot kwa kuwa ndiye mkuu, na mwaka 1931 aliondolewa Cameroon. Baadaye alifanya kazi Afrika Magharibi, akarudi kwao, akafa mwaka 1937. Leo mjini Yaoundé iko hospitali yenye jina lake. Wengine humwita mwokozi. Wengine huwakumbuka vipofu wa Bafia. Nami nakuomba, msomaji, usifanye haraka kuchagua upande mmoja. Mambo yote mawili ni kweli, na mwanafunzi wa historia lazima awe na kifua cha kubeba kweli mbili kwa pamoja. Hapa ikumbuke ile nyumba ya Duclaux. Kwa ajili ya mtu mmoja aliyeonewa, Dreyfus, Ufaransa nzima ilibishana miaka mingi, na waandishi na wataalamu wakasimama kumtetea. Kwa ajili ya watu 700 wa Bafia hapakuwa na barua ya Zola. Hao nao walistahili.

Sasa turudi nyumbani. Kama Jamot angalikuja Lambwe, njia yake isingalitosha, na sababu yake ni muhimu kuijua. Malale ni ya namna mbili. Yale ya Afrika Magharibi na Kati huenda polepole, na kidudu chake hukaa hasa katika damu ya watu. Kwa hiyo ukiwatibu watu wote, umekata mzizi. Yale ya Lambwe ni ya namna ya mashariki: huua kwa miezi tu, na kidudu chake hujificha katika miili ya ng'ombe na wanyama wa porini. Ukimponya mtu leo, kesho mbung'o atamnyonya pongo kichakani kisha amchome mtu mwingine. Ndiyo maana malale yalizuka tena Lambwe miaka ya 1980 hadi 1984, ingawa dawa zilikuwapo. Hapa adui wa kupigwa hakuwa kidudu peke yake, bali mchukuzi wake.

Ndipo tunapofika kwenye vile vitambaa. Mwaka 1973 Wafaransa wengine wawili, Challier na Laveissière, waliokuwa wakifanya utafiti Afrika Magharibi, walieleza mtego wenye umbo la pia mbili zilizounganishwa: kitambaa chini, wavu juu, na weusi ndani. Rangi ya buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, na weusi humfanya atue. Mtego huo hautaki umeme wala mtambo. Fundi cherehani wa kijijini aweza kuushona. Vitambaa vya Ruma ni wa ukoo huo, ila hutiwa dawa, naye mbung'o akivigusa hufa.

Lakini usidhani kuwa habari hii ni ya wageni kutenda na wenyeji kutendewa. Mwaka 1970 Mkenya Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu, alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE, na tawi lake la Mbita, si mbali na Lambwe, sasa lina jina lake. Yeye aliamini kwamba Mwafrika hawezi kungoja milele aletewe majibu ya maswali yaliyo uani kwake. Vijana waliozaliwa kando ya ziwa wamehesabu mbung'o na kupima damu kwa mikono yao wenyewe, na wakulima wamefyeka vichaka na kuogesha ng'ombe kwa dawa. Mwaka 2019 ilikuwa ni katika kaunti hii ya Homa Bay ambapo Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya malaria, kidudu kilekile cha Laveran. Na mwezi Agosti mwaka 2025, baada ya miaka zaidi ya kumi bila mgonjwa mpya, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa malale si tena tatizo la afya ya umma katika Kenya.

Basi, kijana uliyeuliza, na wewe msomaji ambaye huenda umeuliza vivyo hivyo moyoni, jibu langu ni hili. Watu wakubwa wa Ufaransa wanakuhusu pale kazi yao inapoingia katika damu yako. Kutoka kwa Laveran jifunze kutazama mpaka uone, hata wakubwa wakikucheka. Kutoka kwa Fourneau jifunze kwamba maarifa yanayookoa hayafai kufungiwa. Kutoka kwa Jamot jifunze kumfuata mgonjwa aliko. Na kutoka kwa vipofu wa Bafia jifunze kumwuliza kwanza, na kupima dawa mara mbili.

Mbung'o angali yupo Lambwe. Vitambaa hupauka kwa jua, huchanwa na upepo na wanyama, na kila baada ya muda lazima mtu aende porini kuvibadilisha. Atakayekwenda safari hii huenda yuko darasani sasa, amekaa dawati la nyuma, mkono wake umeinuliwa. Mwalimu asicheke. Amsikilize.